Mifuko Kumi na Mmoja ya Mguu wa Kushoto

Yaliyopita yangu yalikuwa sibiemu mbili na robo, yaani mita za ujazo. Nilipima mara mbili kwa futi ya chuma, urefu mara upana mara kimo, kama anavyopima wakala wa mizigo anapotafuta pa kukuibia. Watu husema yaliyopita ni mzigo moyoni. Mimi sina moyo wa ukubwa huo. Yangu yalikuwa ndani ya mifuko ya miraba, ile tunayoita shangazi kaja, kumi na mmoja kwa idadi, imepangwa toka sakafuni hadi karibu na dari katika chumba changu cha Xiaobei, mjini Guangzhou, ghorofa ya tisa, upande usiopata jua. Ndani ya mifuko mlikuwa na viatu mia nne na kumi na mbili. Vyote vya mguu wa kushoto, kila kimoja ndani ya nailoni yake.

Ngoja nieleze, maana najua unachofikiri.

Kwa miaka minane nilifanya biashara ya viatu vya kike pamoja na mume wangu. Mimi nilikaa Guangzhou, yeye alikaa Kariakoo. Kiwanda cha huku, kabla hakijaanza kushona mzigo wako, hukupa sampuli, jozi moja, uikubali. Wenzetu walikuwa wanabaki na jozi nzima na kutuma picha nyumbani. Picha! Picha haipindwi soli. Picha hainuswi gundi. Sisi tulikuwa na utaratibu wetu: jozi tunaigawa. Mguu wa kushoto unabaki kwangu, niende nao kiwandani siku ya kupokea mzigo, niulinganishe. Mguu wa kulia unapanda ndege na msafiri yeyote mwenye nafasi kwenye begi, unamfikia yeye, naye anaulinganisha kontena likifunguliwa. Ikitokea kitu kimebadilika, kila mmoja ana shahidi wake mkononi. Na uzuri mwingine, kiatu kimoja hakuna anayekiiba.

Viwandani walituona wendawazimu. Bosi mmoja aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama mume wangu ana mguu mmoja. Nikamwambia anayo yote miwili, ila hatuaminiani. Akacheka mpaka akanipunguzia bei. Nikaona nimepata kichekesho kinacholipa, nikawa nakirudia kila kiwanda. Nilikirudia miaka minane, na sikuwahi kujisikiliza ninachosema.

Kontena letu la mwisho lilikuwa la sendozi za kamba ya dhahabu, zile wanawake wanazozigombea kabla ya Idi. Siku ya kuupokea mzigo ule nilikuwa na viwanda vitatu vya kuzungukia. Nikahesabu katoni, mara mbili, zikatimia, nikasaini. Sikufungua hata moja. Mzigo ukafika Dar, wanawake wakavaa, wiki mbili soli zikaachama kama midomo ya samaki. Mume wangu akapiga simu, hata salamu hakuna.

"Hii ndiyo soli uliyoikubali wewe?"

"Toa mguu wako wa kulia ulinganishe."

"Mguu gani? Wa hii hukuniletea."

"Nimeleta."

"Hukuleta."

"Nilihesabu mara mbili kabla ya kumkabidhi msafiri."

"Wewe hata pumzi unahesabu mara mbili, na bado unahema vibaya."

Nikamwambia nitamtumia picha ya mguu wangu wa kushoto. Akasema huo nitakuwa nimeshaubadilisha. Basi, sikuutafuta. Nimtafutie shahidi mtu ambaye ameshahukumu? Kiwanda nacho kilikuwa na sharti lake la haki kabisa: leteni kiatu kibovu na sampuli, viwekwe meza moja, tuone. Kiatu kibovu kilikuwa Dar, na mume wangu akagoma kunitumia. Sampuli ya kulinganisha nacho huko Dar haikuwepo. Tukakosa wa kumdai, tukadaiana sisi kwa sisi. Mwaka haukuisha, talaka ikaja.

Ndoa yetu ilivunjika kwa sababu nyingi, lakini sababu nyingi hazihifadhiki kwenye mfuko. Viatu vinahifadhika. Nikavihifadhi miaka sita. Nilihama vyumba viwili navyo. Nilikuwa nangoja siku moja, siku ambayo yule bwana atafungua stoo yake pale Kariakoo, atahamisha boksi, aukute mguu wa kulia wa sendozi ya kamba ya dhahabu umelala nyuma, halafu apige simu. Jibu langu lilikuwa tayari. Lilikuwa fupi, lenye adabu, lenye sumu. Kila mwaka nililirekebisha kidogo.

Wakati huo huo biashara yenyewe ilikuwa inanikimbia. Wateja wa nyumbani siku hizi wananunua kwa simu, wamelala. Wanamwona muuzaji wa China kwenye kioo, wanamtumia hela, mzigo unakuja. Mtu wa katikati kama mimi hana kazi, labda ile moja: kwenda kuutazama mzigo kabla haujapanda meli, kwa niaba ya yule aliyelala. Nilikuwa nimeshafanya mara tatu nne kwa watu wa kuokoteza. Kama nisingepata mteja wa kudumu, nilishajiwekea mwisho: visa ikiisha narudi Dar. Nirudi na nini? Na miguu ya kushoto.

Ndipo akanipigia mama mmoja wa Mwanza. Anauza shuka. Zamani alikuwa anakuja mwenyewe kwenye maonyesho ya Pazhou, tulikuwa tunakutana kwenye treni ya chini kila mtu kabeba katalogi kilo kumi. Sasa magoti yake yamekataa ndege.

"Bwana asifiwe, dada."

"Salama, mama. Alhamdulillah."

"Hivyo hivyo, ni mmoja tu. Nina katoni arobaini na nane za shuka zinatoka kiwandani Jumamosi. Nataka macho yako. Sisi tuko kina mama tisa hapa, wa kwaya moja, tunanunua pamoja. Ukinifanyia vizuri hii, wote tisa ni wateja wako. Ukiniharibia, wote tisa tutakuombea."

Nilielewa vizuri hilo la pili lina maana gani.

Sasa tatizo. Ghala la wakala wa mizigo hawaruhusu kufungua katoni. Wao wanapima, wanabandika namba, Jumatatu lori linakwenda bandari ya Nansha, basi. Kukagua kunataka mahali pako mwenyewe. Katoni arobaini na nane za shuka ni sibiemu tatu kasoro kidogo. Nikapima chumba. Nikatoa kitanda, nikatoa jiko, nikajitoa mimi mwenyewe nikisimama wima. Nafasi haikutosha. Nikapima tena. Chumba hakikuogopa mara ya pili. Ama yaingie mashuka ya kina mama tisa, ama vibaki viatu vya mtu mmoja asiyepiga simu.

Jirani yangu ni msusi, mama wa Kikongo, mlango wake unatazamana na wangu. Alinikuta Alhamisi asubuhi nimesimama katikati ya chumba na futi mkononi.

"Ma chère, ile biatu yote ya mguu moja-moja, unangoya nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe iko na miguu mia ine? Ule si bwana. Ule ni jongoo!"

Akacheka mpaka mteja wake aliyesukwa nusu kichwa akatoka kuuliza kuna nini, akaelezwa, akacheka naye. Mimi sikucheka. Kwetu jongoo hutupwa na mti wake, na mti wenyewe nilikuwa nimeukodishia chumba.

Nikashuka chini kumtafuta yule bibi wa Kichina anayekusanya maboksi na makopo kwa mkokoteni. Ni mdogo wa umbo, ana mizani ya kuning'iniza na kalamu sikioni. Miaka yote tunasalimiana kwa kupandisha nyusi. Kichina changu ni cha sokoni: kinajua bei, kinajua namba, kinajua kukataa. Kwa shughuli hii kilitosha. Nikampandisha ghorofa ya tisa, nikamwonyesha mifuko. Macho yake yakang'aa. Viatu! Akafungua mmoja, akatoa kiatu, akatafuta mwenzake. Akatoa kingine. Akatafuta mwenzake. Akamwaga mfuko mzima sakafuni.

"Mwingine uko wapi?"

"Afrika," nikamwambia.

Akakirudisha kiatu sakafuni. "Bu yao," akasema. Sitaki.

Hiyo bu yao naijua. Nimeisema mwenyewe mara elfu, kwenye vibanda vyote vya Xiaobei, huku najua nataka. Ni mlango, siyo ukuta. Nikaanza. Nikamwambia ngozi hii. Akasema plastiki. Nikamwambia kilo mia moja na arobaini. Akasema gundi na vitambaa na vyuma vimeshikana, nani atavibandua? Nikataja bei ndogo. Akatingisha kichwa. Nikataja ndogo zaidi. Nikamwambia basi chukua bure. Akasema bure ni ghali, kuna mizunguko sita ya lifti na mgongo wake. Halafu bila haya akataja bei yake: mimi nimlipe yeye.

Miaka kumi na nne nimekaa katika mji huu sijawahi kulipa bei ya kwanza. Nilianza asubuhi ile nikitaka kulipwa, adhuhuri nikawa nalipa, na kitu pekee kilichookoa jina langu ni kwamba aliteremka kutoka yuan mia mbili hadi mia na hamsini. Niliyaaga yaliyopita kwa punguzo la robo. Nani mwingine amepata bei hiyo?

Tukaanza kazi. Nilitaka kuvihesabu vikitoka, kwa mazoea. Bibi akakataa, akasema analipwa kwa mizunguko, siyo kwa vipande. Basi yeye anafungasha upya vibane, mimi nashikilia mdomo wa mfuko. Nilikuwa nimejiandaa kwa uchungu. Uchungu haukuja. Kilichokuja ni harufu ya gundi na kumbukumbu za bei: hiki tulikipata kumi na nane, hiki walitupiga ishirini na tano, hiki kilikuwa cha mwaka tuliopanga kwenda Makka tusiende. Kwenye mfuko wa tisa bibi akachoka, akaketi kwenye kigoda changu, akavua raba yake akaanza kujaribu viatu kwenye mguu wa kushoto, kimoja kimoja, akiugeuza mguu huku na huku kama binti dukani. Sikumkataza. Mzunguko ulikuwa wake.

Akatoa nailoni iliyofungwa kwa mpira. Akafungua, akavaa. Ikamkaa vizuri. Halafu akaingiza mkono tena ndani ya ile nailoni, akatoa kingine, akavua raba ya pili, akakivaa mguu wa kulia. Akasimama. Akaniangalia kwa furaha ya mtu aliyekuta mboga imeshaungwa.

Zilikuwa sendozi za kamba ya dhahabu. Zote mbili.

Nilimvua mwenyewe. Nilipiga magoti nikamvua, nikageuza soli. Karatasi ya lebo ilikuwa na mwandiko wangu, namba ya mtindo, na chini yake nimeandika kwa kujivuna: KULIA, WA DAR. Jozi ile niliipokea siku nyingi kabla msafiri hajaondoka. Niliifunga pamoja isipotee. Halafu siku ya kumkabidhi msafiri nilihesabu vifurushi, mara mbili, vikatimia, maana kifurushi kimoja kilichopaswa kuwemo kilikosekana na kingine kisichopaswa kuwemo kilijazia. Miaka sita nimevihesabu viatu hivi kila nilipohama. Nilikuwa nahesabu vifurushi. Kila kifurushi kiatu kimoja, mia nne na kumi na mbili. Kumbe mia nne na kumi na tatu. Nilihesabu mara mbili kila mara. Kuangalia, hata mara moja.

Soli ya sampuli ilikuwa nene, imara, imeshonwa pembeni. Kiwanda kilitubadilishia. Kama mguu huu ungekuwa Dar siku ile, tungekuwa na kiatu kibovu na kizuri meza moja, na wa kudaiwa angekuwa kiwanda.

Jirani akachungulia. "Mama, uko bien? Unaonekana kama mutu ya kuona mzimu."

"Nimeuona. Saizi thelathini na nane."

Saa tisa alasiri ya Guangzhou ni saa nne asubuhi ya Dar, mtu ameshafungua duka na wateja hawajawa wengi. Nikapiga. Nimepiga mwenyewe, mimi niliyengoja miaka sita kupigiwa.

"Haloo. Kuna msiba?" ndiyo salamu yake.

"Hakuna. U hali gani?"

"Mzima. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Ile sendozi ya kamba ya dhahabu. Mguu wa kulia."

Nikasikia nyuma yake mtu anauliza bei ya kandambili.

"Sendozi ipi?"

Sikutegemea hilo. Jibu langu la miaka sita halikuwa na nafasi ya "ipi".

"Ile iliyotuachanisha."

"Kwani tuliachana kwa kiatu? Mimi nilijua ni ulimi wako."

"Mguu ninao mimi. Nilikuwa nao siku zote. Sikukuletea."

Yule mteja wa kandambili akaambiwa asubiri.

"Wewe," akasema polepole. "Wewe ulihesabu mara mbili."

"Nilihesabu."

Nilikuwa nimepanga kuomba radhi nusu. Nilikuwa na hoja: soli zilibadilishwa kweli, yeye alinitukana kweli, hata salamu hakutoa. Nikafungua mdomo nianze kushusha bei, nikajisikia ninachotaka kusema. Kile kichekesho changu cha viwandani, anayo yote miwili ila hatuaminiani. Nikaufunga.

"Nisamehe," nikasema. Bei kamili. Mara ya kwanza.

"Haya."

"Haya tu?"

"Unataka na risiti?"

Nikacheka, naye nikamsikia anacheka puani, kile kicheko chake cha zamani nilichokuwa nakiita cha ubahili. Nikamuuliza yake ya kulia iko wapi, ile mia nne na ushee, kama bado iko stoo. Akasema ah, aliitupa yote mwezi ule ule wa talaka, panya walikuwa wameanza kuzaa ndani yake. Miaka sita nilikuwa nalinda nusu ya jozi ambazo nusu nyingine ilishaliwa na panya wa Kariakoo.

"Na wewe zako?" akauliza.

"Zinashuka na lifti sasa hivi."

"Umeuza?"

"Nimelipa zichukuliwe."

Hapo ndipo alipocheka kwa sauti, akamwita hadi yule mteja wa kandambili amsimulie. Nikamwachia. Ilikuwa haki yake, na dakika za simu zilikuwa zangu, lakini nikamwachia. Tukaagana kwa kusalimiana vizuri, jambo ambalo kwenye ndoa tulikuwa tumelisahau.

Bibi alikuwa bado kwenye kigoda, miguu mitupu, anangoja. Sendozi mbili ziko mikononi mwangu. Najua unavyotaka: unataka nizibakishe, niziweke dirishani, niwe nazitazama. Mimi navaa arobaini. Nikamrudishia. Akazivaa, akatembea hatua nne, akarudi. Halafu, maana ni mfanyabiashara na mimi ni mfanyabiashara, nikanyoosha mkono kudai changu. Akaguna, akapunguza yuan kumi. Mzunguko wa mwisho alishuka nazo miguuni, mkokoteni umejaa, dhahabu inametameta kwenye mlango wa lifti. Katika viatu vyote mia nne na kumi na tatu, hivyo viwili ndivyo pekee vilivyopata kuingiza kitu.

Ijumaa nilifagia. Nyuma ya mifuko ukutani palikuwa na soketi ya umeme ambayo sikujua ninayo. Nikawa nimelipia kodi ya soketi miaka mitatu bila kuitumia; hilo liliniuma zaidi kuliko viatu.

Jumamosi mashuka yakaja. Katoni arobaini na nane, zikaingia, na mimi nikapata pa kusimama. Nikahesabu. Mkono ukajinyanyua wenyewe kuanza mara ya pili, nikauteremsha, nikachukua kisu nikafungua. Katoni ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Katoni ya saba, pakiti inasema shuka mbili na foronya mbili, picha inaonyesha foronya mbili, ndani foronya moja. Nikafungua nyingine, foronya moja. Katoni sita nzima zilikuwa hivyo, zimechanganywa katikati ya zile nzuri, na ukihesabu pakiti hakuna hata moja iliyopungua. Nikapiga picha, lakini pia nikazitenga, katoni mbovu na nzuri meza moja, nikamwita mtu wa kiwanda aje aone kwa macho. Alikuja kabla ya magharibi. Alianza na bu yao tatu, akamaliza kwa kuahidi foronya zilizopungua Jumapili, na Jumapili akazileta. Nilizifungua nazo.

Jumatatu, lori lilipoondoka, nilimtumia sauti mama wa Mwanza, naye akapiga mara moja, nyuma yake kina mama wanafanya mazoezi ya kwaya.

"Bwana asifiwe, dada! Mimi huyo muuzaji nimenunua kwake mara mbili. Kumbe nyumbani wateja walikuwa wananiambia foronya zinapungua, mimi nawaambia mmezipoteza wenyewe. Nimegombana na watu!"

"Pole, mama. Wapigie."

"Niwapigie niwaambie nini?"

"Waambie walikuwa sahihi. Usipunguze bei."

Hakuelewa, lakini alikuwa na furaha hivyo haikumsumbua. Akaniambia wale wanane wengine wako hapo hapo wanasikia, kila mmoja ana mzigo wake mwezi ujao, viatu vya watoto, mashuka, vyombo. Halafu akauliza lile ambalo nadhani alikuwa amelitaka tangu mwanzo.

"Wanasema wewe ndiye unayehesabu mara mbili. Ni kweli?"

Nilitazama ukuta mtupu na soketi yangu mpya.

"Siku hizi mara moja," nikamwambia. "Halafu naangalia."